Nguchiro, Kiboko na Utepe wa Bibi Harusi

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, wanangu, maana viti vya magari vilikuwa vimekwisha kujifunza kukanda mgongo, Nguchiro alinaswa mkia katika mlango wa gari la watu.

Wala haukuwa mlango wa hivi hivi. Ulikuwa mlango wa gari jipya la Kiboko, mlango mzito unaojifunga wenyewe taratibu, kama mgeni mstaarabu: tsss... tup! Nguchiro mwenyewe ndani, ncha ya mkia nje, na katikati maumivu.

"Piii! Piii! Piii!" gari likapiga kelele.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya gulio, na soko zima likageuka kutazama. Msimulizi wenu amezunguka nchi nyingi, na karibu kila nchi imewahi kumbana na mlango wake, kwa hiyo yeye hamcheki Nguchiro. Ninyi chekeni.

Kiboko akatoka mgahawani mbio, kitumbua mdomoni. Ardhi ikatikisika, ndi! ndi! ndi!

"Nani huyo ndani ya gari langu?"

"Ni mimi, Bosi," Nguchiro akajibu kwa sauti ya mtu aliyekaa kwake.

"Unafanya nini humo?"

Ukweli ni kwamba alikuwa ananusa. Alikuwa amepita pale mara tatu tangu asubuhi, na mara zote tatu alijiambia hataangalia. Mara ya nne harufu ya ngozi mpya ikamvuta pua, pua ikamvuta mwili. Alipokikalia kile kiti, kikamkumbatia. Wivu ukampanda kutoka kwenye kucha hadi kwenye masikio, akasema kwa sauti: "Ee, kwa nini si mimi?" Hapo ndipo mlango ukajifunga.

Lakini Nguchiro ni mdogo wa mwili tu. Mkia unauma, akili inakimbia.

"Nilikuwa nakagua, Bosi," akasema. "Na kusema kweli, nimesikitika."

"Umesikitika?"

"Gari zuri hivi! La heshima hivi! Halafu... basi, acha. Nifungulie mlango nijiendee."

Kiboko akameza kitumbua kizima kizima. "Halafu nini? Sema!"

"Halafu halina friji."

Wanangu, nanyi mjue kwa nini Nguchiro alikuwa na roho inayochemka kama sufuria ya maharage.

Kule kijijini kwao Mwinamo kulikuwa na desturi. Siku ya harusi, magari ya upande wa bwana harusi huanzia sokoni, chini kabisa, na kupanda mlima kwenda kumchukua bibi harusi. Barabara ya mlima ule ina kona saba. Juu, getini, husimama shangazi wa bibi harusi ameshika utepe mwekundu. Gari la kwanza kugusa geti ndilo linalofungwa utepe kwenye boneti, na ndilo linalomteremsha bibi harusi kwa mumewe. Dereva wake hupigiwa vigelegele, hulishwa kabla ya wazee, na mwaka mzima akipita njiani watu husema, "Yule! Yule ndiye aliyembeba bibi harusi!"

Kwa miaka tisa, "yule" alikuwa Nguchiro. Alikuwa na kigari cha milango miwili, kidogo, cha zamani, chenye injini ambayo Kiboko angeweza kuiweka kwenye mfuko wa shati. Kilikuwa chepesi, na kona kilizijua kwa majina.

Halafu Kiboko akaja na lake. Milango miwili vilevile, lakini lo! Boneti ndefu, mgongo umeinama kama chui anayenyatia, injini ya nguvu za farasi mia tano. Likiunguruma, kuku wa Mwinamo waliacha kutaga. Nalo lilikuwa na uzito wa tani mbili, kabla Kiboko hajaingia. Akishaingia, tusihesabu, tusije tukaonekana hatuna adabu.

Na harusi ya binti Swala ilikuwa imebaki wiki tatu.

"Friji," Kiboko akarudia, huku akimfungulia Nguchiro mlango. "Kwa nini sikufikiria friji? Nisamehe, bwana mdogo, nilidhani umekuja kuniibia."

"Mimi? Nikuibie?" Nguchiro akaupuliza mkia wake, fuu, fuu. "Mimi ni jirani, Bosi. Jirani husema ukweli."

*

Friji ikafungwa siku ya Jumanne. Fundi Nungunungu ndiye aliyeifunga. Fundi hodari, nyaya na bisibisi amezichomeka kwenye miiba ya mgongo, kila kitu anakipata bila kugeuka.

Jumatano Nguchiro akapita. "Hongera, Bosi! Ila muziki... spika sita tu? Wewe?"

Ijumaa zikawa spika ishirini na nne. Du! Du! Du! Akapita tena, akasema paa la bati ni la maskini, wakubwa siku hizi wana paa la kioo kizito. Paa likabadilishwa. Viti vilikuwa vinakanda mgongo, Nguchiro akauliza na miguu je, nayo haichoki? Vikafungwa vifaa vya kukanda miguu, kila kimoja na mota yake, kila mota na nyaya zake.

Jumatatu Kiboko akaja mwenyewe kwa Nguchiro, uso umekunjamana.

"Bwana mdogo, gari limekuwa zito. Jana nimekanyaga mafuta, likafikiri kwanza."

Moyo wa Nguchiro ukacheza ngoma. Uso wake ukatulia tuli. "Pole, Bosi. Basi toa vitu."

"Nitoe?" Kiboko akafura. "Mimi nitoe friji yangu? Kiboko hapunguzi, Kiboko anaongeza! Nungunungu! Niongezee farasi!"

Fundi Nungunungu akaongeza. Farasi mia tano wakawa mia saba, kwa mota ya umeme iliyokuja na betri zake, na betri zile ziliinuliwa na nyani sita wakipokezana. Sasa injini ilipata joto, ikatakiwa rejeta kubwa ya kuipoza. Gari lilipokuwa na mbio zaidi na uzito zaidi, breki zikawa hazitoshi, zikatakiwa kubwa kama sinia za pilau. Breki kubwa haziingii katika magurudumu madogo, magurudumu yakatakiwa makubwa. Ilipofika Alhamisi, fundi akafuta jasho.

"Mzee Kiboko," akasema, "farasi niliokuongezea wamekuja na mizigo yao. Nusu yao wanajibeba wenyewe."

"Basi ongeza wengine wawabebe hao!"

Nguchiro alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Tani mbili zimekuwa karibu tatu! Mtego umenasa!

Lakini hapohapo, wanangu, likamtokea jambo ambalo hakulitegemea. Kiboko alilitoa gari nje, jua likapiga juu ya paa la kioo, taa za ndani zikabadilika rangi, bluu, zambarau, waridi. Friji ikafunguka yenyewe na kumpa Kiboko soda baridi. Na Nguchiro, ambaye kila kitu mle ndani kilitoka kichwani mwake, akaishusha mikono yake mdomoni.

"Friji ile ni wazo langu," akanong'ona. "Paa lile ni langu. Kwa nini anakunywa yeye?"

*

"Unalionea wivu gari uliloliharibu mwenyewe," mkewe, Mama Mwasiti, akamwambia huku akichambua maharage barazani.

"Simuonei mtu wivu."

"Umesimama dirishani tangu saa mbili."

"Natazama hali ya hewa."

"Hali ya hewa ina spika ishirini na nne?"

Nguchiro aliliona gari la Kiboko likipita barabara ya chini, vuuuuum! Vumbi likasimama angani kama ukuta. Zito, ndiyo. Lakini farasi mia saba ni farasi mia saba. Itakuwaje ikiwa uzito wote ule hautoshi kumshinda? Itakuwaje Kiboko akifika wa kwanza? Nguchiro akaiona siku ya harusi: utepe mwekundu kwenye boneti ile ndefu, vigelegele vinalia, na watu wanauliza, "Hivi yule mdogo aliyekuwa akibeba mabibi harusi zamani aliitwa nani vile?"

Akatoka mbio, akaingia uani na spana.

Kwanza akatoa zulia la sakafuni. Akatoa redio. Akatoa tairi la akiba na jeki, akasema nani anapata pancha siku ya harusi. Akang'oa kiti cha nyuma. Akazungusha kigari pale sokoni, akaona bado ni kizito. Alipokuwa akirudi, gari la Kiboko likampita kwa kishindo, na Kiboko akapunga mkono kwa upole kabisa, upole unaouma kuliko tusi.

Akang'oa tena. Vioo vya pembeni vikatoka, ikaingia plastiki. Kisanduku cha dashibodi kikatoka, na mkanda mmoja, na kingine kikatoka, na kingine. Kila alichokitoa alikirusha barazani, kwa! ngwara! kwa!

"Baba Mwasiti," mkewe akamwita jioni, "unajua umetoa nini hiki?"

"Uzito, mke wangu! Kila kilicho barazani ni uzito!"

"Naona." Mama Mwasiti akakipapasa kile kilichotoka mwisho, akakikalia, akaegemea. "Kizuri. Kinafaa kwa maharage."

"Kaa, kaa," Nguchiro akasema bila kutazama. Alikuwa dirishani tena.

*

Siku ya harusi, saa tatu asubuhi, magari mawili yalisimama sokoni. Mengine hayakujisumbua; yalikuja kushangilia tu. Juu ya mlima, shingo ya Shangazi Mbuni ilionekana kutoka mbali, na utepe ukipepea ubavuni kwake.

Kiboko akashusha kioo. "Bwana mdogo! Hicho unachoendesha ni gari, au umevaa ndoo?"

Soko likaangua kicheko.

"Cheka, Bosi," Nguchiro akasema. "Ila nina swali moja. Farasi wako mia saba, wote wanavuta kwenda wapi?"

"Mbele! Farasi wa mtu mzima huvuta mbele!"

"Na kwenye kona, nani anawavuta pembeni?"

Kiboko hakusikia. Alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kukandwa miguu.

Leso ikashushwa. VUUUUUUUM! Ile barabara iliyonyooka kutoka sokoni mpaka chini ya mlima Kiboko aliimeza kama kitumbua. Alipokwisha kuwa doa jeusi mbele, Nguchiro alikuwa bado anatafuta gia ya pili, ndrrr, ndrrr, ndrrr, vumbi la mwenzake puani. Wivu ukamchoma mpaka machozi yakamlengalenga. Lilivyokwenda lile gari! Lilivyoimba!

Halafu kona ya kwanza.

Kiboko akakanyaga breki zake kubwa kama sinia. Kriiiiii! Zikashika, lakini kwa taabu, kama mtu mmoja anayezuia ng'ombe kumi. Akapita. Kona ya pili akapita pia, na moshi ukaanza kutoka magurudumuni. Kona ya tatu harufu ya kuungua ikafika mpaka kwa Nguchiro, ambaye sasa alikuwa anapanda chwi, chwi, chwi, anaingia kila kona bila kugusa breki, kigari kinageuka kama nzi. Kwenye vipande vilivyonyooka Kiboko alikimbia mbali. Kila kona Nguchiro akamla kidogo.

"Ongeza!" Kiboko akapiga kelele, akakanyaga mafuta hadi sakafuni.

Kona ya tano ndiyo kali kuliko zote. Kiboko akakata usukani kushoto. Magurudumu yakageuka kushoto. Farasi mia saba walikuwa tayari kwenda kokote. Lakini tani tatu, pamoja na friji, paa la kioo, spika, betri, na Kiboko mwenyewe, zilikuwa zimeamua kwenda mbele, na mbele ndiko zilikokwenda.

"Mamaaaa!"

Kiboko na gari lake wakakata majani, wakapita kati ya migomba miwili bila kugusa hata mmoja, chubwiiii! Wakatua katikati ya dimbwi la kufyatulia matofali.

Nguchiro akapita. Akapiga honi, pii-pii, honi ya adabu. Alitazama pembeni kidogo tu, kufurahi. Na alichokiona kikamharibia furaha nusu: Kiboko alikuwa amefungua mlango, ameteleza matopeni, amelala chali, amefumba macho. Tangu anunue lile gari hakuna aliyewahi kumwona amestarehe namna ile.

"Hata matope yake ni mazuri," Nguchiro akanung'unika, akakanyaga mafuta.

*

Ti! Kigari kikagusa geti.

Vigelegele! Ngoma! Nguchiro akaruka nje, mkia juu, akapiga magoti mbele ya Shangazi Mbuni.

"Shikamoo, Shangazi! Nimefika! Wa kwanza! Mwaka wa kumi huu!"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona." Shangazi Mbuni akainamisha shingo, akaunyoosha utepe. "Farasi wangapi mle ndani?"

"Hamsini, Shangazi. Na wawili wamezeeka."

Watu wakacheka. Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka binti Swala kwa hatua ndogo ndogo, hina mpaka kwenye viwiko, shela jeupe, mafungu mawili ya asumini kichwani. Shangazi akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye kigari, akafungua mlango wa abiria.

Akaingiza shingo ndani, ndefu yote. Akatazama kushoto. Akatazama nyuma. Akaitoa, akamtazama Nguchiro.

"We Nguchiro."

"Naam, Shangazi."

"Bibi harusi anakaa wapi?"

Nguchiro akacheka. Akachungulia. Kicheko kikakatika. Kulikuwa na kiti cha dereva. Kando yake kulikuwa na bati tupu, na misumari minne ya skrubu iliyosimama wima pale ambapo kitu fulani kilikuwa kimefungwa. Na Nguchiro akaona, waziwazi kabisa, baraza la nyumba yake, na mkewe ameegemea, anachambua maharage.

"A... anaweza kusimama," akasema.

"Asimame? Ndani ya gari?"

"Ainame kidogo."

Binti Swala akatazama misumari, akalishika shela lake kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua tatu.

Ndipo ikasikika sauti ya kwato, kwa-ta, kwa-ta, kwa-ta, kutoka kona ya saba. Alikuwa Punda na mkokoteni wake, amewabeba kina mama wa pilau, masufuria yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Walikuwa wameondoka alfajiri ili wafike kwa wakati, na baada ya magari kuwapita ndani ya vumbi walikuwa wamesimama kona ya tano kumwuliza Kiboko kama anahitaji msaada. Kiboko alikuwa amewaambia wasimwamshe.

Na katikati ya mkokoteni, juu ya masufuria yote, ameegemea kama malkia kwenye kiti cha gari, alikuwa Mama Mwasiti.

"Jamani, barabara hii ina mashimo," akasema akishuka. "Ningekaa kwenye ubao mgongo ungekatika." Akamwona mumewe. "Baba Mwasiti! Umeshinda? Mbona umeshika kichwa?"

Shangazi Mbuni hakuuliza maneno mengi. Akakitazama kiti. Akamtazama Punda. Masufuria yakashushwa, kiti kikafutwa vumbi kwa kanga, binti Swala akapandishwa, akakaa, akaegemea, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Shangazi akaukunjua utepe mwekundu na kuufunga shingoni kwa Punda, fundo kubwa, zuri, la maua. Punda akapandisha masikio akayashusha, hakuwa amezoea.

Vigelegele vikapasua mlima. "Yule! Yule ndiye anayembeba bibi harusi!"

Nguchiro akahisi wivu wake, mzima mzima, ukihama kutoka kwenye gari la tani tatu kwenda kwenye mkokoteni wa mbao. Akakimbia, akasimama mbele yake.

"Shangazi! Hii si haki! Kiboko nimemshinda! Kona saba nimezipita, wewe mwenyewe umeniona! Mimi ndiye niliyefika wa kwanza!"

Shangazi Mbuni akamtazama kutoka juu kabisa, akamsogeza kando kwa mguu mmoja, taratibu, ili mkokoteni upite.

"Ndiyo, umefika wa kwanza," akasema. "Sisi tulikuwa tunamtafuta wa kumbeba mtu."